Mlango Nyuma ya Kabati

4 Februari

Mdogo wangu Kinda,

Pokea salamu zetu, mimi na mama. Sisi wazima. Goti la mama bado linanung'unika asubuhi, likishapata maji ya moto linanyamaza. Duka la dawa liko vilevile: watu wanaingia na kikohozi, wanatoka na dawa ya tumbo kwa sababu wameikumbuka wakiwa mlangoni. Mwenye duka ameniongezea zamu ya Jumamosi, kingine hajaongeza. Jirani wa nyuma amefuga kuku, na jogoo wake hajui saa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama ameamua kuuza nyumba. Usinirukie mimi tafadhali, neno limetoka kinywani mwake mwenyewe, tena akiwa anakunywa chai. Anasema tangu mzee atutoke nyumba imekuwa kubwa na yenye giza, na akitaka kuota jua uani lazima apitie jikoni na kushuka zile ngazi, goti halitaki. Anataka tupange vyumba viwili karibu na dukani kwangu. Dalali ameshafika. Alipima, akapiga picha, kisha akajikuna kichwa. Anasema sebule yetu ikiwa pichani inaonekana kama stoo. Anataka picha safi: lile kabati kubwa lisionekane, wala ndoo, wala nguo kwenye kamba, wala kalenda za miaka iliyopita, wala kiti cha mzee pale dirishani, chenye mkono uliofungwa waya.

Nikakumbuka nina mdogo wangu anayelipwa mshahara kwa kucheza na picha. Nimekutumia zote kwenye simu. Lakini jibu liandike kwenye karatasi. Mama anasema simu ni ya kuulizana kama umefika salama, mambo ya nyumba yanataka barua inayosomwa kwa sauti, naye ameketi. Namsomea neno kwa neno, kwa hiyo ichunge kalamu yako.

Ni mimi dada yako, ambaye wewe na mzee mlimbandika jina la

Meneja

*

16 Februari

Dada Meneja, na Mama unayesikiliza,

Shikamooni wote wawili. Mimi sijambo, ila mwenye nyumba wangu amepaka ngazi rangi bila kutuambia, na wapangaji wote sasa tunatembea na soli za kijani. Ofisini tunatengeneza tangazo la magodoro. Bosi alitaka paka alale kitandani. Wa kwanza alikuja na mikia miwili. Wa pili alikuwa mzuri mno, bosi akamkataa, akasema watu watakuja kuuliza bei ya paka.

Mama, kazi yenyewe iko hivi. Programu tunayosanifia picha siku hizi ina akili bandia ndani yake. Nikitaka kuondoa ndoo, naizungushia mstari kwa kipanya, kama mtu anayeizungushia ua. Kisha naandika ninachotaka kiwe pale, au naacha bila neno, nabonyeza, na mashine inajaza sehemu ile tu. Inatazama sakafu ya pembeni, inatengeneza nyingine inayofanana nayo. Picha iliyobaki haiguswi. Inaniletea majibu matatu, nami nachagua moja. Zamani kazi kama hii ilikula asubuhi yangu nzima.

Picha nimezirudisha kwa simu. Ndoo zimeondoka, kamba ya nguo imeondoka, kalenda zimeondoka na misumari yake. Kabati pia. Kiti kimeleta ubishi kidogo, nimekiacha kwanza.

Kuhusu kuuza, mimi sina maoni. Mama akiamua ameamua.

Wenu,
Kinda

*

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku ni kheri. Mama amepata dawa mpya ya kuchua goti, inanuka hadi kuku wa jirani wamehama upande wa uzio. Barua yako niliisoma mara mbili kwa maombi ya wasikilizaji. Nilipofika kwenye akili bandia mama akanisimamisha. "Bandia kama meno bandia?" Nikasema ni kitu cha namna hiyo. Akatikisa kichwa, akasema basi mtoto asiitafunishe vitu vigumu.

Kinda, umetuletea kizaazaa. Dalali alifurahia picha mpaka akazituma kwa kila anayemjua. Jumapili akaleta wanunuzi, mume dereva wa lori, mkewe mshonaji wa sare za shule. Watu wazuri, wamevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mke akaingia sebuleni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kabati, akachungulia nyuma yake. Akauliza mlango uko wapi. Mama akauliza mlango upi. Ndipo yule mshonaji akatoa simu.

Na kweli, kwenye picha yako, mahali pa kabati pana mlango. Mlango wa mbao, rangi ya samawati, umefunguliwa nusu, na jua linaingia kutoka uani na kulala sakafuni. Dalali alianza kusukuma kabati, kana kwamba labda sisi wenyewe tumekaa humu miaka yote bila kujua. Nilijifunika uso kwa kanga, sikutaka wanione ninavyocheka. Yule mshonaji akasema polepole, "Nilikuja kwa ajili ya huu mlango." Wakavaa viatu vyao wakaenda.

Nilidhani mama atakasirika. Hakukasirika. Aliomba simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakaa nayo hadi chai ikapoa.

Halafu kiti cha mzee bado kipo, kila picha. Kimekaa kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba shughuli imekwisha. Dalali anakiulizia.

Meneja

*

15 Machi

Dada, Mama, shikamooni,

Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Niombeeni radhi kwa yule mshonaji.

Kosa ni langu. Kabati nililizungushia vizuri, ila nilisahau kivuli chake kilichokuwa sakafuni, kisha sikuandika neno lolote. Mashine ikikuta kivuli inamtafuta mwenye kivuli. Iliona kitu kirefu kinatakiwa pale ukutani, ikaleta mlango. Niliuona. Na niseme kweli, niliutazama nikadhani umekuwepo siku zote, nikatuma. Sasa nimerudia, kivuli nimekiondoa pia, na hapo pana ukuta mtupu mweupe. Futeni ile ya kwanza.

Kiti mashine imekataa. Sijui kina nini.

Kwangu hakuna jipya. Tumemaliza magodoro, tumeanza sabuni. Mkono wa mwanamke aliyeshika sabuni umetoka na vidole sita, bosi anasema sabuni nyingi, vidole vingi, lakini nadhani anatania.

Kinda

*

7 Aprili

Mdogo wangu Kinda,

Tunaendelea vizuri. Goti la mama lina nafuu.

Mama amekataa picha ya ukuta mweupe. Amesema huo ukuta anao, haoni sababu ya kutumiwa mwingine. Kisha akaniuliza jambo ambalo mimi na akili zangu zote za umeneja sikuwa nimeliwaza: hivi mlango hauwezi kuwekwa kweli?

Nikamwita fundi mwashi aliyejenga duka letu upya mwaka jana. Alikuja jioni baada ya kazi, amenawa hadi viwikoni, shati limepigwa pasi. Tulisogeza kabati. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ameuwekea sikio, kama daktari wa kifua. Fundi huyu hasemi sana. Alisema juu kuna mkanda wa zege, ukuta hautashuka, na upande wa pili ni uani moja kwa moja, bila ngazi, kwa sababu ardhi pale iko juu. Mama akaenda uani kwa kuzungukia jikoni, akagonga ukuta kutoka nje, fundi akamjibu kutoka ndani. Walifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Dalali anasema mlango utaipandisha nyumba. Mama anasema mlango kwanza, kuuza baadaye.

Fundi ameomba picha yako iwe kubwa, amtengenezee seremala mfano. Aliitazama kwa makini, akasema kwa adabu kabisa kwamba bawaba na kitasa vimewekwa upande mmoja, na mlango wa namna hiyo ukiufungua unabaki nao mkononi. Alivyosema hivyo hata hakucheka, nikacheka mimi, ndipo naye akacheka. Ana mwanya. Rekebisha kitasa, tafadhali.

Na mama ana swali, amesema niliandike kama alivyolisema: "Muulize, ni mashine gani hiyo inayoweza kuweka mlango ukutani lakini inashindwa na kiti?"

Dada yako

*

23 Mei

Dada, Mama,

Shikamooni. Najua nimekawia. Nilitaka kusema kazi zilizidi, ila sabuni ilikwisha zamani na tangu hapo tunakaa tu tunaangalia vidole vyetu.

Picha ya mlango nimeirekebisha, kitasa kiko upande wake. Mwambieni fundi asante, na kwamba ofisi nzima ilipita kuangalia lile kosa na hakuna aliyeliona kabla yake.

Mama, swali lako. Mashine haijakataa hata siku moja. Nilikizungushia kiti mstari, nikabonyeza, kikaondoka mara moja. Ikanipa dirisha safi na sakafu safi. Nikaitazama, nikaona ni sebule ya watu wengine, nikakirudisha. Kila picha nimefanya hivyohivyo. Sikujua niliandikeje, nikaisingizia mashine, na yenyewe haiwezi kujitetea.

Niliandika pia kwamba sina maoni kuhusu nyumba. Ninayo. Lakini niko mbali, na ni rahisi kuipenda nyumba usiyoifagia. Dada ndiye anayefagia, na goti ni la Mama. Kwa hiyo mtakaloamua nitalikubali, ila sitaki mdhani kwamba sijali.

Mwisho, Dada, nimeisoma barua yako upya. Fundi yumo kuanzia shati hadi mwanya. Goti la Mama limepata mstari mmoja. Kama kuna jambo, mdogo wako hapendi kusikia kutoka kwa dalali.

Kinda

*

2 Juni

Wewe Kinda,

Sisi wazima, na wewe sina hakika kama nakutakia uzima.

Nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti, vizuri tu. Nilipofika kwenye aya ya mwisho macho yangu yakaruka, nikasoma "Kinda", nikakunja karatasi. Mama akasema, "Rudi nyuma, umemeza kitu." Nikasema mwandiko hausomeki. Akasema mwandiko wako ndio mzuri kuliko wa sisi sote. Sikumsomea. Akachukua miwani.

Sitajibu aya hiyo.

Halafu lile la kiti. Alikaa, akakunja na kukunjua ncha ya kanga. Baadaye akasema nikwambie kiti hakikuwa cha kuuzwa wala kutupwa, kingekwenda naye kwenye vyumba viwili hata kama yeye angelala amekaa. Dalali ndiye hakukitaka pichani. Akasema pia kwamba ungemuuliza angekwambia hivyo tangu Februari, ungejiokolea usumbufu.

Ukuta umevunjwa. Fundi alianza asubuhi, tukafunika kila kitu kwa mashuka na bado nimekuta vumbi la saruji ndani ya sukari. Tofali la kwanza lilipotoka, jua liliingia kama fimbo likagonga ukuta wa pili. Mama aliacha alichokuwa anafanya, akaweka mkono wake kwenye lile jua, akaugeuza huku na huku. Kufikia alasiri lilikuwa limefika hadi katikati ya chumba. Kuku wa jirani akaingia, akatutazama, akatoka.

Kisha fundi akatafuta pa kukaa. Alitaka kukalia ndoo. Mama akamwambia kaa pale, akaonyesha kiti cha mzee. Nilikuwa nimesimama na sinia. Hakuna aliyekikalia tangu mzee aondoke, wewe unajua. Fundi alipangusa suruali yake mbele na nyuma, akakaa ukingoni, na chai akainywa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Mlango umefungwa bawaba juzi, rangi ileile ya samawati. Na habari imefika. Dereva wa lori na mkewe wanarudi Jumapili, dalali anasema safari hii wanakuja kumaliza. Wameongeza bei bila kuombwa. Mama amesema waje. Nimemuuliza atawaambia nini, ananiambia nikaangalie kama rangi imekauka.

Mimi nilikuwa nimeshachagua mapazia ya vile vyumba viwili, Kinda. Sasa siyaoni vizuri kichwani.

Meneja

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Sijangoja jibu lako, nimeona nikuandikie kabla sijasahau lilivyokuwa.

Walikuja saa za chai, na dalali amevaa koti. Mke yule hakuhitaji kuelekezwa. Alikwenda hadi mlangoni, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Mama alikuwa amekaa nje, hatua moja kutoka kizingitini, kwenye jua, miguu ameinyoosha. Anatoka mwenyewe siku hizi, hata simsikii, namtafuta chumbani kumbe yuko uani anabishana na jirani kuhusu jogoo.

Dalali alianza hotuba yake. Mume akasema hakuna haja, wao wameridhika. Mama akamwomba mke aketi karibu naye. Akamwambia, "Mwanangu, ile nyumba uliyoiona kwenye picha, mimi nayo niliiona. Nikaitaka kama ulivyoitaka wewe. Nimekuwahi tu."

Mume akamtazama mkewe. Mke akatazama ua, akamtazama mama, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono akiiba sukari. Akasema na yeye kwao ana ukuta kama ule, unaoangalia nyuma, ameuwekea kitanda. Kwamba pengine walichokuwa wanatafuta si nyumba. Akaniomba namba ya fundi. Nilimpa bila kuangalia popote, naijua kwa kichwa, na mama akaniona.

Dalali alikunywa chai yake yote na ya pili. Nilimwonea huruma, nikamfungia mikate ya kwenda nayo. Alipotoka alisimama akautazama mlango, akaniuliza kama yule ndugu yangu anachukua kazi za nje.

Basi hatuuzi. Mama anasema ameamua, na ukimuuliza kwa nini anasema goti halitaki kuhama. Mimi nimelala usingizi ambao sijalala miezi.

Dada yako

*

22 Juni

Shikamooni, wenye nyumba,

Barua zenu mbili zimefika siku moja. Nilikuwa nimeandika ya kwangu, ndefu, ya kuwasihi msiuze, imejaa sababu nzito na maneno makubwa. Nimeichana kwa furaha. Mwenzangu wa meza ya pili aliniona nacheka na vipande vya karatasi mkononi, akaenda kuniletea maji.

Nimeomba likizo, bosi amekubali. Sijaja tangu msiba. Mlinielewa, hamkuniuliza, nami niliendelea kutuma salamu kana kwamba salamu zinatosha. Nilikuwa naogopa kuingia sebuleni. Sasa nataka kuingilia mlango mpya, nikitokea uani. Basi langu litafika Jumamosi asubuhi, tarehe nane Julai. Dada najua una zamu, usihangaike, nitachukua bodaboda. Niambieni tu kama kuna cha kuleta.

Dalali mwambie nachukua kazi za nje, ila milango namwachia fundi.

Kinda

*

1 Julai

Mdogo wangu,

Njoo mikono mitupu. Mama ameshatoa godoro lako kwenye jua, analigeuza kila saa kama mkate. Kwa kuwa anapita mlango wa karibu, hachoki.

Bodaboda huchukui. Nina zamu kweli, lakini utapokewa stendi. Atakuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, atasimama upande wa kivuli, na hatakuita kwa sauti, si mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo mwangalie wewe. Msaidie kama atataka kubeba begi lako peke yake. Njiani usimhoji.

Hapa nilikuwa nimeandika "fundi atakuja kukupokea", kisha nikamsomea mama kabla ya kufunga bahasha. Akasema kwenye barua zake haruhusu mambo nusunusu. Akanipa kalamu, akangoja mpaka nikafuta na kuandika upya.

Anayekuja kukupokea ni shemeji yako.

Meneja